Namna ya kuzisikiliza albamu za Los Jaivas wa Chile bila kuishia njiani

Mtu akisikia kuna bendi ya Amerika Kusini inapiga roki ya progresivu ya kisimfoni, yaani roki ya nyimbo ndefu zinazojengwa kama mziki wa okestra, mara nyingi anachofanya ni kuingia Yutubu, anabonyeza kinachotokea juu kabisa, anakutana na wimbo wa dakika 11 una piano na filimbi na jamaa anaimba Kihispania, dakika ya tatu keshatoka. Halafu anasema huo mziki mgumu. Kiukweli sio mgumu, ni kwamba hakuna aliyemwambia aanzie albamu ipi na sikio aliweke wapi. Hayo mawili ndo nataka kuyaeleza hapa, na bendi niliyochagua ni Los Jaivas wa Chile, kwa sababu kwa upande ule wa dunia sijaona bendi nyingine ambayo albamu zake zinakulipa hivi ukizipa muda.

Na jambo moja naomba ulishike kabla hatujaanza, maana mengine yote yanategemea hilo. Kwa Los Jaivas zile filimbi na matarumbeta na ngoma za wenyeji wa milima ya Andes na za Wamapuche, wenyeji wa kusini mwa Chile, sio mapambo. Bendi nyingi za roki zikitaka kuonekana za kwao zinaweka filimbi kidogo mwanzoni halafu gitaa linaingia linafanya kazi yote, hawa hapana, kwao filimbi inabeba wimbo na piano inaifuata, au zote mbili zinapokezana, na ukishaanza kusikia hivyo zile dakika 11 zinaisha hujui zimeishaje.

Kwanza uwajue kidogo

Ndugu watatu wa tumbo moja, Eduardo Parra kwenye vinanda, Claudio Parra kwenye piano, Gabriel Parra kwenye dramu, wakaungana na marafiki zao Mario Mutis wa besi na Eduardo Alquinta ambaye watu wote walimwita Gato, huyo gitaa na sauti kuu. Wote ni vijana wa Viña del Mar, mji wa pwani huko Chile, na walianza mwaka 1963 wakijiita High & Bass, wakipiga mziki wa kuchezesha watu kwenye sherehe, bolero na vitu kama hivyo. (Jina Parra lisikuchanganye, hawana undugu na Violeta Parra yule mwimbaji mkubwa, ingawa tutakutana naye mbele.) Kwenye mwaka 1969 hivi wakaacha kila walichokuwa wanajua, wakawa wanapanda jukwaani bila wimbo wowote waliopanga, wanapiga tu kinachokuja, na hapo ndo ala za kienyeji zikaanza kuingia mikononi mwao na jina likabadilika kuwa Los Jaivas.

Historia ya nchi inabidi uijue pia, japo mistari miwili mitatu. Septemba 11, 1973 jeshi la Chile lilipindua serikali ya rais Salvador Allende, na baada ya hapo hata kupiga charango (gitaa dogo la Andes) au quena (filimbi ya huko) hadharani kukawa kunatazamwa kwa jicho baya kwa sababu ala hizo watu walizihusisha na upande wa Allende. Los Jaivas wakahamia Argentina mwaka huohuo, wakaishi mji wa Zárate wote pamoja na wake na watoto, nyumba moja maisha mamoja. Argentina nako jeshi likapindua Machi 1976, wakafungasha tena, 1977 wakahamia Ufaransa na kukaa Châtenay-Malabry karibu na Paris, tena kwa mtindo uleule wa ukoo mzima chini ya paa moja. Kwahiyo albamu zao kubwa zimetengenezwa ugenini. Ukisikia jinsi wanavyozing'ang'ania sauti za nyumbani, kumbuka hawa watu walikuwa mbali na nyumbani na hawakujua watarudi lini.

Matayarisho

Tafuta hedifoni, hata za bei ndogo, zinatosha. Kispika cha simu hakifai kabisa kwa mziki huu na nitakwambia sababu, filimbi na piano mara nyingi zinakaa sehemu moja ya sauti, kispika kidogo kinazichanganya zinakuwa uji, halafu ngoma za chini anazopiga Gabriel hazisikiki kabisa unabaki unasikia matoazi tu. Hedifoni zinakutenganishia kushoto na kulia, unaanza kujua nani yuko wapi.

Zima ile ya kuchanganya nyimbo. Hizi ni albamu, nyimbo zimepangwa, na kwenye hii ya kwanza nitakayokupa wimbo mmoja unamkabidhi mwenzie. Kama unatumia bando ni bora uipakue yote kabla, maana ikikata katikati ya wimbo ukarudi baadae unakuwa umeshauvunja.

Lugha isikutishe. Kihispania kina irabu zilezile tano za kwetu, a e i o u, na zinatamkwa vilevile, kwahiyo sisi tunaweza kufuata maneno kwa macho huku yanaimbwa kirahisi kuliko Mwingereza. Ukiona ñ soma ny, ukiona ll soma y, ukiona j soma kama h nzito, basi tayari unasoma. Los Jaivas inatamkwa Los Haivas.

Anzia katikati, 1981

Usianze na albamu ya kwanza. Najua watu wengi wanapenda kwenda kwa mfuatano wa miaka lakini kwa bendi hii utakwama, mwanzo wao una mambo mengi ya majaribio. Anza na Alturas de Macchu Picchu, ya mwaka 1981, iliyotengenezwa wakiwa Ufaransa. Nyimbo saba, jumla kama dakika 37, haifiki hata kipindi cha kwanza cha mpira.

Maneno yote ni ya Pablo Neruda, mshairi wa Chile aliyepata Nobel mwaka 1971 na akafariki siku chache tu baada ya yale mapinduzi ya 1973. Neruda alipanda Machu Picchu mwaka 1943, ule mji wa mawe wa Wainka ulioko Peru kwenye kimo cha mita kama 2,430, na shairi alilolitoa humo lina sehemu 12, liko ndani ya kitabu chake Canto General cha 1950. Yeye aliandika Macchu na c mbili, bendi ikafuata, ndo maana ukitafuta kwa herufi za kawaida wakati mwingine huipati, jaribu zote mbili. Wazo la kuliimba shairi lilitoka kwa mtayarishaji mmoja wa Peru, Daniel Camino, na Los Jaivas hawakuliimba lote, walichagua vipande.

Mara ya kwanza isikilize tu. Usisome kitu, usitafute maana, kaa au lala chini iende hadi mwisho. Lengo ni sikio lijue mandhari, wapi pana kelele na wapi pametulia.

Mara ya pili fuata ala moja tu. Mi nakushauri uifuate piano ya Claudio, kwa sababu iko karibu kila mahali na inachezwa kwa mkono wa mtu aliyesoma piano ya klasiki, yaani vidole vinakimbia, lakini anachocheza ni midundo ya milimani. Ukiishika piano, filimbi zinajitokeza zenyewe juu yake. Mara nyingine tena ukitaka rudi ufuate dramu. Gabriel hapigi dramu za roki kama ulivyozoea, hakai kwenye moja mbili tatu nne ile ya kawaida kwa muda mrefu, anazungusha, na mziki mwingi wa asili wa Chile, cueca kwa mfano, unakwenda sita kwa nane, yaani mapigo sita ya haraka kila mzunguko, huku unachezeana na tatu kwa nne, mapigo matatu mapana. Kwa mtu aliyekulia pwani hapa hicho sio kitu kigeni, chakacha nayo inakwenda sita kwa nane, kwahiyo mwili unajua kabla kichwa hakijajua. Acha tu mguu upige wenyewe.

Mara ya tatu ndo ufungue shairi. Mashairi ya Neruda yametafsiriwa lugha nyingi, tafuta unayoisoma vizuri, weka Kihispania upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Hapo sasa nitakupitisha wimbo kwa wimbo kidogo, maana albamu hii inastahili.

Del aire al aire inafungua, ya dakika mbili na kidogo, ni kama upepo wa mlimani na sauti za ala za kupuliza zinaitana, bado hujaambiwa kitu. Usiiruke kwa sababu ni fupi, bila hiyo kinachofuata hakina pa kutokea.

La poderosa muerte ndo ule wa dakika 11. Hapa ndo watu wanapotoka, na hapa ndo ningependa ukae. Unaanza kwa upole sana, piano na filimbi na gitaa la kawaida, na Gato anaingia na sauti yake ile isiyo na haraka, anaimba juu ya kifo chenye nguvu kilichomwalika mara nyingi. Kwenye shairi hapa mshairi bado yuko chini mjini, amechoka, anaona watu wanakufa kidogo kidogo kila siku kwa maisha madogo madogo. Mziki nao uko chini. Halafu ngoma zinaongezeka, mwendo unabadilika zaidi ya mara moja, kuna mahali filimbi zinakuwa kundi zima kama watu wanapandisha njia ya mlima kwenye sherehe, kinanda cha sintesaiza cha Eduardo kinaingia katikati yao na hakionekani mgeni, na kila badiliko linakupandisha ngazi moja. Lengo la wimbo mzima ni kufika pale ambapo mshairi anasema amepanda ngazi ya ardhi katikati ya misitu iliyopotea mpaka kwako, na anautaja mji kwa jina. Ukishajua kwamba kila kitu kinaelekea kwenye hilo jina, hutahangaika tena kuuliza mbona wimbo mrefu. Sikiliza sauti zinavyobadilika pale, kutoka mtu mmoja anayejisemea hadi watu wengi, na gitaa la umeme linavyokuja kulia baada ya muda wote huo kukaa kimya kimya. Binafsi hapo nywele zinasimama kila mara, hata nikiusikia kwenye daladala.

Amor americano ni ya kupumua baada ya pale, nyepesi, inachezeka, charango linang'ata kwa kasi.

Águila sideral naomba uisome na shairi mkononi. Ni sehemu ya tisa ya Neruda, na sehemu hiyo nzima haina kitenzi hata kimoja, ni majina tu anaupa ule mji, tai wa nyota, shamba la mizabibu la ukungu, na kadhalika jina juu ya jina kama mtu anayeweka jiwe juu ya jiwe. Los Jaivas wamelielewa hilo, wimbo hauna haraka ya kwenda popote, unasimama na kutazama.

Antigua América ala ndo zinaongea kuliko sauti, kinanda na piano vinafukuzana. Ukipenda upande wa kisimfoni wa bendi hii kuliko upande wa asili huu ndo utaurudia.

Sube a nacer conmigo hermano ndo unaojulikana zaidi kwa watu wa kawaida Chile, na ni rahisi kujua kwanini, unaita. Mshairi anamwambia ndugu yake, yule mfanyakazi aliyejenga kuta zile na kufa bila jina, apande wazaliwe pamoja, ampe mkono kutoka huko chini alikozikwa. Maneno mazito namna hiyo, lakini mziki wake ni wa furaha kabisa, wa kuruka. Watu wengine wanaona haviendani. Mi naona wako sahihi, ukimwita mtu atoke kaburini humwiti kwa huzuni.

Final inafunga taratibu, mshairi anaomba kimya, maji, matumaini. Ikiisha usiwashe kitu kingine papo hapo.

Kuna na programu ya televisheni waliyorekodi hukohuko kwenye magofu mwaka 1981, kituo cha Chile na cha Peru vilishirikiana, na mtangazaji wake ni Mario Vargas Llosa mwandishi wa Peru. Ipo mtandaoni. Iangalie baada ya kuisikia albamu sio kabla, kwa sababu ukianza na picha utatazama mawe na mawingu halafu mziki utakuwa wa nyuma. Ila ukishaijua albamu, kuwaona wale watu na nywele zao ndefu na mavazi ya milimani wakiwa na ala zao pale juu ni kitu kikubwa, na inasaidia kuzitambua ala kwa sura.

Ala zenyewe, kwa sababu bila hizi utabaki unasema "filimbi"

Quena ni filimbi ya wima, mdomoni ina mkato tu hauna kitu cha kuzuia pumzi, sauti yake laini ina hewa hewa ndani. Zampoña, wengine wanaita "siku" (ni jina lake la huko, sio siku ya wiki), ni mianzi iliyofungwa safu, na kwa utamaduni wa Waaymara, wenyeji wa Andes, noti zake zimegawanywa safu mbili, mtu mmoja ana nusu na mwenzie ana nusu nyingine, melodi moja inapigwa na watu wawili wanapokezana noti kwa noti. Ukilijua hilo utaelewa kwanini kwenye Los Jaivas zampoña zinasikika kama zinatoka pande mbili. Tarka ni ya mbao nene, sauti ngumu yenye mikwaruzo, huko Andes hupigwa na kundi wakati wa mvua na kanivali, usidhani imerekodiwa vibaya, iko hivyo. Ocarina ni ya udongo, ya mviringo, sauti ya duara.

Halafu trutruca. Hii sio ya Andes ya juu, ni ya Wamapuche wa kusini mwa Chile. Chukua mti wa colihue, aina ya mwanzi wa kwao, unaweza kuwa mrefu kuliko mtu mara mbili, umepasuliwa ukatolewa moyo ukaunganishwa tena na kufunikwa utumbo wa mnyama, mwishoni umefungwa pembe ya ng'ombe. Haina tundu hata moja la kidole, noti zote zinatoka kwenye midomo na pumzi ya mpigaji. Ndo maana ikilia inalia kwa kupanda na kushuka, na ndo maana inashtua. Ukisikia kitu kinanguruma kama kinaita watu toka mbali, hicho. Ngoma ya Wamapuche inaitwa kultrún, ni ya machi, yaani mganga wao, kwahiyo sio ngoma ya kila mtu wala ya kila siku.

Charango lina nyuzi kumi, dogo kama mtoto wa gitaa, zamani mgongo wake ulikuwa gamba la armadilo, mnyama wa huko anayefanana na kakakuona. Sauti yake iko juu na inakwenda kasi.

Rudi nyuma

Ukishaimaliza Alturas na umeshaipenda, nenda 1975. Na hapa kuna mtego wa majina, zingatia. Albamu ya 1971 na ya 1975 zote mbili zimeandikwa Los Jaivas tu, jina la bendi. Watu wakaziita kwa picha ya kava, ile ya 1971 wanaiita El Volantín, yaani tiara, ya 1975 wanaiita El Indio. Ya 1973 nayo utaikuta kama Todos Juntos au La Ventana. Kwahiyo ukitafuta angalia mwaka na nyimbo, jina peke yake litakupeleka pabaya.

El Indio ilirekodiwa Argentina na kwangu ni albamu yao ya pili kwa ukubwa. Ina nyimbo chache. Pregón para iluminarse inakuamsha, halafu La conquistada, huu ni wa taratibu na unajenga na ukishamaliza utakuwa unaimba mwenyewe jikoni. Tarka y ocarina ni mrefu, hauna maneno ya kufuata, na ndo mtihani wako, kama sikio limeshazoea ala nilizotaja juu utausikiliza wote. Kama bado, rudi Alturas wiki nyingine hivi kisha ujaribu tena, hakuna haraka.

Canción del Sur ya 1977 ni ya mwisho kabla hawajaondoka Argentina. Imetulia kuliko El Indio, ina vinanda zaidi, na wimbo wenye jina la albamu unaonyesha njia waliyokuwa wanaielekea ya 1981. Sikiliza Canción del Sur halafu papo hapo sikiliza La poderosa muerte, utasikia kabisa mmoja unamzaa mwenzie.

La Ventana ya 1973 ndo yenye Todos juntos, wimbo wao maarufu kuliko wote, singo yake ilitoka 1972, ambao Chile kila mtu anaujua kuanzia bibi hadi mtoto wa shule, na unauliza tu kwa nini tuishi tumetengana wakati ardhi inataka tuwe pamoja. Humo pia kuna Mira niñita, na huo ukiusikia utakuta kwamba ule mtindo wa kuanza na kamba mbili tatu za gitaa na filimbi halafu kupanda hadi juu walikuwa nao toka zamani. Kuna Indio hermano pia. Sio albamu ya kisimfoni kamili, lakini nyimbo hizo tatu tu zinatosha.

El Volantín, iache hadi mwisho kwenye safari ya kurudi nyuma. Walijigharamia wenyewe na mengi humo ni kubuni papo hapo. Inavutia ukishawapenda, haipendezi kabla. Ile mikusanyiko ya La Vorágine ya kipindi cha kubuni, iliyotoka miaka mingi baadae, hiyo ni ya mtu aliyezama kabisa.

Mbele ya 1981

Aconcagua ya 1982 ipitie, ina Mambo de Machaguay, wimbo wa huayno, mziki wa asili wa Andes, kutoka Peru waliougeuza wao, mzuri kwa kuwasikilizisha marafiki wasiotaka nyimbo ndefu.

Ila Obras de Violeta Parra ya 1984 usipitie, kaa. Ni albamu ya sahani mbili, nyimbo zote za Violeta Parra, yule mama aliyezunguka vijijini Chile akikusanya nyimbo za wazee na kuandika zake mwenyewe, aliyefariki 1967. Njia nzuri ya kuisikiliza ni kwa jozi. Chukua Arauco tiene una pena ya Violeta mwenyewe, sauti yake na ala moja mkononi, isikilize. Halafu weka ya Los Jaivas. Kisha Run Run se fue pa'l norte, vilevile. Utaona hawakumpamba, walichofanya ni kutoa nje kile kilichokuwa kimefichwa ndani ya gitaa lake. Ukiwa tayari nenda El gavilán. Violeta aliutunga kwa ajili ya baleti, mwewe na kuku, mapenzi na ukatili, gitaa linagongwa na maneno yanakatika katikati kama mtu anakosa pumzi. Los Jaivas wameufanya wa zaidi ya dakika kumi na wameuacha ukiwa unatisha kama alivyoutaka. Wimbo huu usiwawekee wageni. Sikiliza peke yako usiku.

Aprili 1988 Gabriel alifariki kwa ajali ya gari huko Peru. Kwa bendi ambayo dramu ndo mwili wake ungesema imeisha, lakini walitoa Si tú no estás mwaka 1989, na baadae kidogo binti yake Juanita Parra akakaa kwenye kiti cha baba yake na yupo hapo mpaka leo. Ukisikiliza Hijos de la Tierra ya 1995 msikilize yeye hasa, hamuigi baba yake lakini ule mzunguko wa sita kwa nane upo mikononi. Mamalluca ya 1999 wameshirikiana na okestra ya kweli, kwahiyo mpenzi wa kisimfoni ataitaka, japo mi naona piano ya Claudio na zampoña mbili zilikuwa tayari zinatosha kuwa okestra. Gato naye alifariki Januari 2003, na watoto wake wakaingia kwenye bendi kushika nafasi. Rekodi zote zenye sauti yake zilirekodiwa kabla ya hapo, hilo likusaidie ukichagua rekodi za jukwaani, angalia mwaka.

Ukitaka kutoka Chile lakini ubaki bara lilelile, Argentina kuna La Máquina de Hacer Pájaros, bendi ya Charly García, albamu mbili tu, ya kwanza 1976 yenye jina la bendi na Películas ya 1977. Hao hawana ala za milimani, ni vinanda viwili na mji mkubwa ulio chini ya jeshi, na kwenye kava la Películas bendi imesimama nje ya ukumbi wa sinema. Anza na Cómo mata el viento norte. Brazil chukua Depois do Fim ya Bacamarte, 1983, anayeimba ni Jane Duboc na gitaa la kawaida humo linapigwa kwa kasi ya ajabu. Hizo mbili zisikilize baada ya Obras de Violeta Parra, na Películas ianze na Obertura 777 bila kuruka kitu.